Sura ya Saba Ina Makosa

Jumatatu, 4 Machi

Nina hasira. Naanza na hilo nisije nikasahau.

Mtihani wa kuingia chuo cha biashara ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mjomba amesema mbele ya Mama, huku akichokonoa meno, kwamba nikifeli naingia dukani kwake kupima misumari. Aproni ameshanunua. Ya kijani. Hakuniuliza hata rangi.

Duka la vitabu lina miongozo miwili ya mtihani. Wa njano ni mwembamba na una katuni. Wa bluu ni mnene, kila sura ina maswali hamsini, na majibu yameelezwa hatua kwa hatua. Nimeichungulia yote miwili nikiwa nimesimama, mpaka miguu ikafa ganzi. Nataka wa bluu. Umebaki mmoja. Mama anapata mshahara Ijumaa.

Mtu mwingine angemwomba muuza vitabu amwekee. Sentensi moja tu. Nimeifanyia mazoezi njia nzima. Nilipofika mezani kwake nikauliza bei ya kifutio.

Sasa nina vifutio vitatu.

Jumanne, 5 Machi

Binamu yangu, mtoto wa kiume wa shangazi, naye anafanya mtihani huohuo. Tunamwita Kamusi, kwa sababu ukiulizwa kitu mbele yake anajibu yeye. Leo nimemkuta dukani akiupapasa mwongozo wangu wa bluu. Akanisalimia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akauliza kama nimefuata kifutio kingine. Muuza vitabu akacheka. Kumbe wananiongelea.

Nilijificha nyuma ya rafu ya ramani mpaka akaondoka. Kisha nikaandika kwa penseli, ukurasa wa kwanza wa mwongozo: majibu ya sura ya saba yote yana makosa, niliyafuata nikafeli. Sura ya saba kwa sababu ndipo kitabu kilipojifungua. Nimeandika kwa Kiingereza. Lawama ikiwa ya Kiswahili watu hubishana nayo. Ya Kiingereza huiamini.

Mwandiko niliulaza kushoto. Ulionekana wa mtu aliyefeli.

Jumatano, 6 Machi

Kamusi amenunua wa njano! Shangazi amempigia Mama simu, anamshukuru Mungu kwamba mtoto wake ameonywa mapema. Mama akaniuliza kama nina habari. Nikasema sina. Nikaosha vyombo bila kuambiwa, naye akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeununua. Muuza vitabu aliushikilia kidogo kabla ya kunipa. Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu? Hiki watu wanakilalamikia."

Watu. Mimi ni mtu mmoja.

Nikaitikia kwa kichwa tu. Akanionea huruma, akanipa kifutio bure. Nyumbani nimekitumia kufuta maandishi yangu. Yametoka yote.

Jumatatu, 11 Machi

Sina la kusema. Ninalo, lakini ni matusi.

Mwalimu wa hesabu ametangaza darasani kwamba mwongozo wa bluu haufai. Sura ya saba, ile ya asilimia na riba, imejaa makosa. Eti kuna msichana wa shule nyingine alifeli kwa sababu yake, akalia mpaka wakampeleka nyumbani. Darasa zima likaguna. Mimi nilikuwa nimeukalia mkoba wenye kitabu.

Sasa. Mimi sikuandika habari za msichana. Niliandika sentensi moja, na haikuwa na mtu anayelia. Huyu msichana katoka wapi? Hakutoka kwangu. Basi yupo. Na kama yupo, sura ya saba ina makosa kweli, nami niligusia ukweli bila kujua.

Kinachoniuma ni kwamba walijua, na hakuna aliyeniambia kabla sijanunua.

Jumanne, 12 Machi

Nimeijaribu sura ya saba, swali la kwanza. Shati bei yake 240, lina punguzo la asilimia kumi na tano, litauzwa kwa ngapi? Nimepata 276. Kitabu kinasema 204. Ushahidi ndio huo.

Mama, anayeshona sare kiwandani, akatupia jicho huku anakata vitunguu. Akasema punguzo hupunguza, mimi nimeongeza. Nikamwambia anatumia njia ya zamani. Akasema mashati pia ni ya zamani.

Nimeibana sura ya saba kwa pini nne isije ikanidanganya tena.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi kutoka shule na kumkuta Kamusi mezani kwetu. Pini zangu kazipanga kwenye kisosi. Mwongozo wake wa njano una ukurasa mmoja tu wa asilimia, na robo tatu yake ni panya akigawa jibini, kwa hiyo kaja kumwomba Mama ruhusa ya kuisoma sura ya saba ya kwangu. Mama kampa, na chai juu.

Nikamwambia ina makosa. Akasema ataona mwenyewe. Nikarudia, safari hii kwa sauti, mimi nisiyepandishaga sauti. Akaomba karatasi nyingine.

Kwa mara ya kwanza nimemhurumia. Nimemwacha aangamie.

Jumamosi, 16 Machi

Maswali arobaini. Kumi na sita yalikuwa ya asilimia na riba. Nimeyaacha yote wazi, kwa msimamo.

Jumatano, 27 Machi

Kamusi ana nafasi. Mimi naanza kwa Mjomba Jumatatu, saa mbili kamili. Amesema kwa upole, na hilo limenikera kuliko kama angefoka.

Lakini sinyamazi. Nimemwandikia mkuu wa chuo. Nimemweleza kwamba mtihani wake umetungwa kutoka sura inayojulikana kuwa na makosa, kwamba kuna msichana amewahi kulizwa nayo, na kwamba wote walioyapata maswali yale, akiwemo binamu yangu, wamefaulu kimakosa. Wafutiwe. Sisi tuliokataa kudanganywa tupewe nafasi zao.

Akitaka ushahidi, nimemwambia amuulize mtu yeyote. Kila mtu anajua.