Chungwa la Kupimia Mto

Jamani, leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya umati, na sina wa kumlaumu isipokuwa ng'ombe.

Kwa wale ambao hatujaongea nao siku nyingi: niko field huku Mpanda, kwenye ofisi ya maji. Ndiyo, mimi yule yule katibu wa klabu ya maji pale chuoni, niliyekuwa nawasumbua kila Jumamosi twende tukapande miti kwenye chanzo cha maji (na nyie mkawa mnaumwa kila Jumamosi).

Leo mwalimu wetu alikuja kunikagua. Dokta mwenyewe, yule asiyecheka. Bosi wangu wa hapa, Injinia Gervas, akaniambia asubuhi, "Leo mimi sisemi kitu. Utapima mto mwenyewe, utawaeleza wananchi mwenyewe. Dokta akuone."

Mto wenyewe ni kijito tu, pande za Ugalla. Ila kina kesi. Wakulima wa mpunga wa kule chini wanasema ng'ombe wanamaliza maji na kubomoa kingo. Wafugaji wanasema ng'ombe ana haki ya kiu. Ofisi ikasema tupime kwanza. Maji yakitosha, yatavutwa kwa bomba hadi kwenye birika la mifugo, mbali na kijito, kila mtu apumue. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinasubiri jibu langu. Langu mimi!

Nikajipanga. Fulana nyeupe ya klabu, imepigwa pasi. Suruali ya kitambaa. Gambuti za ofisi, saizi ya Injinia (nikipiga hatua, mguu unatangulia, gambuti linafuata baadaye).

Tukafika. Wakulima ng'ambo ile, wafugaji ng'ambo hii, hawatazamani. Nikaona niwasalimie wafugaji kwa Kisukuma, wajue niko vizuri.

"Mwangaluka!"

Kicheko. Mzee Masanja, ambaye ng'ombe wake walikuwa wanakunywa pale pale, akaniambia kwa upole, kwa kuniita mama kwa Kisukuma, "Hiyo ni ya asubuhi, mayu. Saa hizi tunasema mwadila."

(Dokta hakucheka. Niliwaambia.)

Nikatoa machungwa niliyonunua sokoni Kashaulili. Kifaa cha kupimia mwendo wa maji ni kibovu, kwa hiyo tulikuwa tunatumia njia ya zamani. Unachomeka vijiti viwili ukingoni, kimoja juu, kimoja chini. Unadondosha chungwa, unapima muda linaotumia kutoka kijiti hadi kijiti, unarudia mara kadhaa upate wastani. Chungwa linazama nusu, upepo haulisumbui. Sayansi kabisa!

Upande wa wakulima bibi mmoja, wanamwita Bibi Ana, akapaza sauti, "Kwa hiyo chuo kikuu mnasomea kutupa machungwa?"

"Subiri uone, bibi!"

Chungwa la kwanza likaenda vizuri. Makofi! La pili likanasa kwenye mizizi. Likabaki la mwisho. Nikalidondosha. Linakuja. Linakuja. Kijiti cha chini kile pale. Ndipo maksai mmoja wa Mzee Masanja akainua kichwa. Akalitazama. Akanyoosha ulimi.

"Acha!" nikapiga kelele. "Hilo ni la serikali!"

(Sentensi hiyo imetoka kinywani mwangu. Nimeikubali.)

Halafu nikakimbia. Nilikuwa naenda kumpokonya ng'ombe chungwa mdomoni, mimi, msomi. Nikaruka ukingo, nikatua pale ambapo kwato zimekanyaga kiangazi kizima. Tope likanipokea hadi mapajani. Maksai anatafuna taratibu, ananitazama usoni, juisi inamtiririka.

"Toka huko!" Injinia akasema.

"Siwezi!"

"Inua mguu!"

"Mguu nainua, gambuti halitaki!"

Nikamtazama Dokta kwa macho ya huruma. Akakunja mikono. "Endelea kueleza," akasema. "Wanakusikiliza."

Basi nikaeleza! Nimesimama topeni kama nguzo ya umeme, naeleza habari za kingo, kwato, na jinsi tope linavyoshuka hadi kwenye majaruba ya mpunga. Kila nikifika kwenye hoja nzito, nazama kidogo. Injinia akaja kunivuta mkono, akateleza, akakaa chini kwa heshima zote.

Mzee Masanja akaleta kamba. Akaipitisha chini ya makwapa yangu, upande wa pili akamfunga maksai. Maksai yupi? Yule yule mla chungwa!

"Huyu ndiye mwenye nguvu," akasema. "Na sasa hivi ameshiba."

Akapiga mluzi. Kamba ikakaza. Nikang'oka kama muhogo!

Gambuti zikabaki. Suruali nayo ikaona haiwezi kuwaacha wenzake, ikabaki. Mimi nikatua nyasini na kaptura ya njano ya kulalia, imejaa picha za bata (jana nilifua nguo zote ili nionekane nadhifu, nyingine hazikukauka, msiniulize zaidi).

Watu wote wakanikodolea macho. Hata ng'ombe.

Kisha Bibi Ana: "Haya, sasa nimeamini. Huyu kweli ni mtu wa maji."

Ng'ambo zote mbili zikalipuka! Watu wameegemeana. Mzee Masanja anafuta machozi kwa kofia. Na Dokta, jamani, Dokta ameshika mti ili asianguke.

Bibi Ana akavuka kijito, akanifunga kitenge chake kiunoni. Wakulima wakamfuata na majembe, wakaungana na wafugaji kufukua suruali yangu. Mara Mzee Masanja akasimama, akalitazama lile shimo.

"Kama linameza binti mzima hivi," akasema, "ndama wangu watapona kweli?"

"Na sisi hilo tope ndilo linalotufikia," mkulima mmoja akamjibu. Wakaanza kuongea. Kuongea, siyo kugombana!

Tukarudia vipimo kwa chungwa alilolitoa Bibi Ana kapuni mwake, maksai akiwa ameshikwa pembe. Tukapiga hesabu. Maji yanatosha! Vigelegele vikapigwa, birika wakalikubali pale pale, na mahali pa kulijenga wakaenda kupaonyesha pamoja.

Kwenye gari Dokta akageukia dirishani, mabega yanatikisika. Mwishowe akasema, "Umefaulu. Ila kwenye ripoti, habari za bata ziache."

Sasa niko chumbani na kitenge cha watu, tope limeingia hadi masikioni, na nina furaha ya ajabu. Mkitaka kucheka, chekeni tu. Ila ole wake atakayemwambia mama yangu: yeye anaamini field ni kukaa ofisini chini ya feni.