Hugues Atalala kwa Nani

Jumatatu, 1 Septemba

Hugues amepiga simu kutoka Amerika. Mjukuu wangu anakuja Noeli! Nimelia kidogo, nimemtukana kidogo kwa kukaa huko miaka yote hiyo. Halafu akasema neno baya: hajui alale kwangu Buyenzi au kwa Caritas kule Kinindo. Caritas ni bamwana wangu, mama wa mke wa mwanangu, kwa hiyo naye ni nyanya yake. Ana vyumba vingi na jenereta. Mi nina mapenzi, na fundi wa magari anayegonga chuma chini ya dirisha.

Hugues anataka beziboli iamue. Ni mchezo wa fimbo na mpira, huko kwao. Kila mmoja wetu anachagua wachezaji kwenye simu. Wakicheza vizuri uwanjani, aliyewachagua anapata pointi. Tuko sita. Tugawanywe mafungu mawili, wa kwanza wa kila fungu waende fainali. Atakayeshinda mwisho wa mwezi anamlaza Hugues. Nani agawe mafungu? Kwetu mkubwa ndiye anayegawa, iwe nyama, iwe shamba. Nimekubali kabla hajamaliza kuuliza.

Jumanne, 2 Septemba

Nimegawa. Fungu la Ziwa: Caritas, mwanawe Sylvère, na mpwa wetu Bonfils. Hao vijana wawili wanajua kila mchezo duniani. Fungu la Mlima: mi, binti yangu Irène asiyefungua simu, na shemeji Népomuscène anayechagua wachezaji wenye majina ya watakatifu tu. Caritas apigane na wanaume, mi niingie fainali nimekaa.

Caritas amesema Buyenzi hakuna mlima. Nimemjibu mlima uko moyoni.

Jumapili, 7 Septemba

Nimetoka misa nina amani, nimefungua simu, amani imekwisha. Mchezaji akiumia, alama nyekundu inatokea kwenye jina lake, na Caritas anamfukuza siku hiyo hiyo. Mtoto wa watu ameumia goti, anatupwa! Nimewachukua wote. Hata yule wa bega.

Hugues amenieleza polepole, kama naumwa mimi, kwamba mgonjwa hachezi na asiyecheza haleti pointi.

"We ulipokuwa na malaria," nimemwambia, "nilikuweka nje ya mlango?"

"Apana, nyanya."

"Basi nyamaza."

Bega ninaliombea asubuhi na jioni.

Jumapili, 14 Septemba

Msimamo umetoka. Mlima: wa kwanza Irène, ambaye tangu achague timu hajaiangalia tena. Wa pili Népomuscène na watakatifu wake. Wa tatu mi. Nimeuliza kama kuna wa nne. Hakuna.

Ziwa anaongoza Caritas. Wale wanaume wawili wanajua kuongea tu.

Nimekula wali mwingi. Kichwa kinafanya kazi vizuri tumbo likishiba.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepata! Nimetangaza kwenye WhatsApp ya familia: Bonfils aende Mlima, mi nahamia Ziwa, ili mafungu yalingane. Tena ushindi ni wa fungu zima, si wa mtu mmoja, maana sisi ni familia. Wote wamejibu amina.

Caritas amepiga simu. "Bamwana, umemkimbia Irène? Mtoto uliyemzaa?"

Nimemwambia namletea baraka. Amesema baraka zangu zote zina magongo.

Jumatatu, 29 Septemba

Fainali imekwisha, Caritas amemshinda Irène. Hugues ametangaza: Kinindo. Caritas ametuma kicheko kirefu kwenye simu. Nimekisikiliza mpaka mwisho, nikaita teksi. Mafundi wa magari wamenifungia godoro juu yake. Nimechukua sufuria kubwa na kapu la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sijawahi kufika kwa bamwana mikono mitupu.

Caritas amefungua lango mwenyewe. "Noeli bado miezi mitatu," amesema.

"Fungu letu limeshinda. Nimekuja kutayarisha."

Ameangalia godoro. Ameniangalia mimi. Amecheka mpaka ameshika lango.

"Ingia, chai inapoa. Hilo godoro liache nje, una kitanda."

Jumanne, 30 Septemba

Nimelala vizuri sana, Mungu anisamehe. Hakuna anayegonga chuma. Caritas anapika maharage bila mawese, lakini anaongeza sahani kabla hujaomba. Mwanamke mzuri, yule. Hana akili tu.

Tukinywa chai nimemwambia siku za Hugues nazo zigawanywe. Amesema gawa, bamwana. Nimegawa. Fungu lake: tangu Hugues anashuka kwenye ndege mpaka mwisho wa mwaka, na kelele zote, na wageni wote wa kulisha. Langu: kuanzia mwaka mpya, nyumba imetulia, mtoto ni wangu peke yangu, Buyenzi, hata mwezi mzima.

Amekubali bila kubisha. Sasa anaimba jikoni. Maskini, hajaelewa.

Hugues anarudi Amerika lini, sijauliza. Hilo ni jambo dogo.