Toleo la Julai

Jumatatu, 3 Februari. Matoleo kumi na moja ya La Lampe Grise, jarida la fasihi la Paris, mwaka 1911, yamepangwa kabatini mwezi kwa mwezi. Limekosekana la Julai tu. Kifaransa sikijui, lakini pengo ninalijua. Julai iko mji wa Bowie kwa Phineas, Mkenya tunayesali naye, na kila Jumapili ananikumbusha kwamba iko kwake. Leo amepiga simu: yuko tayari kunipa Julai kwa Machi yangu. Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri sekunde nne, nikakubali: bora pengo liwe la Machi.

Jumatano, 5 Februari. Ndani ya Machi nimekuta kikaratasi cha muuzaji: non coupé. Nikampigia Papa Leonard, Mkongo wa kazini. Amesema maana yake halijakatwa. Kweli! Kurasa zimeshikana kwa juu, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Zaidi ya miaka mia, na fundi hakumaliza kazi! Elieth ameshauri nimuulize Phineas kwanza, kabla sijazikata. Mke wangu hajui biashara. Mbuzi hauzwi kwa kuonyeshwa kidonda.

Alhamisi, 6 Februari. Nimezikata zote kwa kisu cha samaki. Saa tatu nzima. Ukurasa wa 46 umechanika kidogo. Wa 47 umechomoka wote. Kisha nimelivisha kava la kaki, la mfuko wa dukani, kama shuleni. Jina langu juu. Somo: Kifaransa.

Jumamosi, 8 Februari. Bowie. Phineas amefungua, akakaa chini. Ameniuliza, kwa upole wa nesi mwenye habari mbaya, nani amefanya hivi. Nikajibu ni mimi, tena bure. Kumbe thamani yote ilikuwa kule kushikana! Machi ambazo hazijakatwa alizijua mbili tu. Sasa moja.

“Ferdinand, ndugu yangu,” akasema, “umepasua yai ndiyo uone kama ni zima.”

Julai imerudi sandukuni mwake. Nimelia kwenye foleni ya barabara kuu ya I-95 hadi nyumbani Woodbridge. Mama wa gari la pembeni amenipungia mkono.

Jumapili, 9 Februari. Sikwenda kanisani. Elieth amesema ningeuliza kwanza. Nimekubali kila neno. Alipotoka nimepika uji mzito wa unga wa ngano. Hakuna gundi inayoushinda. Nimeshabandika hadi ukurasa wa 60. Wa 47 umekaa kichwa chini, lakini umeshika. Nitamwambia Phineas nimepata Machi ya tatu. Sijamuuliza mtu.