Baiskeli Iliyokamatwa Ikiwa Imesimama

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

Yah: Kuzuiliwa kwa baiskeli yangu ambayo haikuwa inakwenda popote

Mkuu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wote wa nyumbani. Mimi mwili hauna neno, ila roho inaniuma tangu Jumamosi.

Kwa kuwa unaonana na watu wengi, nijitambulishe. Mimi ni yule mnoa visu wa mbele ya baa, ambaye watu huniita Makali. Baiskeli yangu unaijua, maana kila ukitoka ofisini unaiona imeegemea ukuta wako, karibu na ndoo za mchanga. Ni baiskeli ya kazi. Nikifika kijiweni naipandisha kwenye stendi ya chuma, gurudumu la nyuma linabaki hewani, na mkanda unatoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la kunolea lililo mbele yangu. Nikikanyaga pedeli, jiwe linazunguka na kisu kinapata makali. Baiskeli yenyewe haisogei hata kidogo.

Jumamosi alasiri Koplo wako alinikuta juu yake, nikiwa kazini, akaniambia nina kosa la kuendesha baiskeli barabarani hali nimelewa. Mimi akaniruhusu niende nyumbani kwa miguu. Baiskeli akaiweka ndani. Mkuu, nimemwagiwa unga, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kuendesha, kwa jinsi ninavyoelewa mimi, ni kutoka hapa kwenda kule. Mimi nilianza mbele ya baa na nikakamatwa mbele ya baa. Hata hivyo Koplo alinipigia filimbi na kuniamuru nisimame. Nisimame mara ngapi? Tangu baa ile ikiwa kibanda cha mabati nimesimama palepale.

2. Koplo anasema nilianguka. Sikatai. Nilianguka kwa sababu filimbi ilinishtua. Mtu akianguka kutoka kwenye kiti chake hashtakiwi kwa kuendesha kiti.

3. Anadai pia kwamba nilimpigia kengele nikamwambia apishe njia, kisha nikamuuliza kama soko tumeshalipita. Sasa hilo nalo ni kosa? Swali ni swali tu. Angenijibu kistaarabu kwamba soko bado, mambo yangeishia hapo. Badala yake aliangua kicheko, wateja wa baa nao wakacheka, mpaka mhudumu akaweka sinia chini ili ashike mbavu vizuri. Niliumia, Mkuu. Mtu wa rika langu hachekwi hivyo akiwa safarini.

4. Kuhusu pombe. Mwenye baa hunilipa kwa chupa. Ndiyo makubaliano yetu ya siku zote: mimi nanoa visu vya jikoni kwake, yeye ananiwekea pale kwenye kigoda. Kwa hiyo zile chupa ni mshahara, na sijawahi kusikia mwalimu au karani akikamatwa kwa kupokea mshahara wake. Visu vya baa nilivimaliza mapema. Vilivyonitesa vilikuwa viwili vya nyumbani, cha mke wangu na kile kikubwa cha mama wa nyumbani kwako. Sijui vilinunuliwa wapi. Nakanyaga, hakishiki makali, nakanyaga tena, chuma kinatoa cheche tu kama kinanikebehi. Jasho lile na kuyumba kule alikokuona Koplo kulitokana na kazi.

5. Na kazi yenyewe ilikuwa safi, ushahidi uko nyumbani kwako. Nilikifunga kisu cha mama kwa gazeti, nikamkabidhi Koplo huyo huyo akifikishe, kwani hata nikiwa chini ya ulinzi sisahau wateja wangu. Mpaka leo mama hajaleta lalamiko lolote. Kuna mlevi gani anayenoa kisu kikapokelewa kimya kimya namna hiyo? Najua ni kile anachokitoa wageni wakija. Nasikia leo mchana mna wageni, basi atajionea mwenyewe.

6. Kama kukanyaga pedeli ni kuendesha, basi naomba fundi cherehani jirani yangu naye akamatwe. Anakanyaga kutwa nzima, hana leseni, hana taa, na kwenye kunywa mimi simfikii. Wiki iliyopita alishona suruali yenye mifuko miwili upande mmoja. Yeye anaitwa fundi, mimi naitwa mhalifu!

7. Koplo alinihubiria kuhusu hatari. Hapo mimi na yeye hatugombani. Mtu akipiga maji kisha akapanda baiskeli inayokwenda, ni hatari kubwa kwake na kwa wenzake. Shemeji yangu alitoka baa hiyohiyo, akaukosa mlango wa kwake, akaingia mtaroni na baiskeli, na jino lake la mbele liko huko hadi leo. Lakini hebu nitazame mimi. Nani nimgonge? Lori gani litanifuata pale kwenye stendi? Katika mtaa wetu wote ni mimi peke yangu niliyegundua namna ya kulewa na kuendesha bila kumdhuru mtu, na mimi ndiye niliyekamatwa.

8. Kwa hiyo naomba serikali iweke baiskeli za stendi mbele ya kila baa. Mlevi apande, akanyage, akichoka aamini amefika, avue viatu alale. Nimelijaribu jambo hili mwenyewe na nathibitisha linafanya kazi. Jumamosi nilikuwa nimebakiza kona moja tu kufika kwangu.

9. Hili ni la ndani kidogo. Mke wangu alikuwa kwa dada yake tangu Ijumaa, amerudi leo asubuhi. Nimemwambia baiskeli imekwenda kurekebishwa breki, naomba usiniangushe. Yeye na Koplo lao moja. Kila siku husema ipo siku chupa na jiwe lile vitamwaga damu ya mtu, nami kila siku namjibu kwamba ana woga wa bure. Hivi ninavyoandika yuko jikoni anakata vitunguu huku anaimba, hana hili wala lile, wala hajui kwamba mumewe hana kazi. Namwonea huruma sana.

Kwa hayo yote, naomba nirudishiwe baiskeli yangu leo, ikiwa imepanguswa vumbi. Naomba pia Koplo aje kuniomba radhi mbele ya baa, watu walewale waliocheka wakiwepo, na apandishwe kwenye stendi akanyage hadi atuambie yeye mwenyewe amefika wapi.

Nisalimie mama nyumbani, watoto, wageni wenu wa leo, mahabusu wote na yule anayewapikia uji. Koplo naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi raia mtiifu, ambaye kwa sasa natembea kwa miguu,

Makali, mnoa visu.

Nyongeza, naiandika juu ya bahasha ili uione kwanza:

Mkuu, nilikuwa naifunga barua nikasikia ukelele jikoni. Mke wangu amejikata. Alikandamiza kisu kwa kiganja juu ya kitunguu kama afanyavyo siku zote, na kiganja kikapasuka. Nimekishika kisu nikakitazama kwenye mwanga. Upande wa chini ni butu vilevile kama nilivyokipokea. Jumamosi nilikinoa mgongoni. Ndiyo sababu kilikuwa kigumu. Ananiangalia tu huku damu inachuruzika, na sijawahi kuona aibu kama hii. Tunakimbilia zahanati sasa hivi.

Cha mama wa nyumbani kwako nilikinoa baada ya hicho, nikiwa nimeongezewa chupa.

Nimepiga simu ya kituo haipokelewi, nimempa fundi cherehani bahasha hii aje nayo mbio, maana leo hajanywa. Baiskeli ibaki hapo hapo ilipo. Yaliyomo ndani usiyasome, Mkuu. Nenda nyumbani kwanza.