Foleni ya Kamba

Sixten Brolund hakuwa mwizi. Mwizi huamka usiku, naye aliuheshimu sana usingizi wake. Kazi yake ilikuwa kuuza vitu vya bure.

Asubuhi hiyo ya Agosti, mji mzima wa Göteborg, Sweden, ukitaka kamba wa mtoni kwa karamu za jioni, aliingia duka la samaki la Torvald, likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Akaona beseni moja tu la kamba. Mlangoni, mashine ya kutoa namba za foleni imesimama peke yake kama yatima. Akaihurumia. Akavuta vikaratasi thelathini.

Wateja walipojaa, akaanza. "Dada, una thelathini na nne? Utaitwa umeshaota mvi! Chukua tano, kroni hamsini tu."

Walinung'unika, wakalipa. Mtu wa mji ule ni afadhali auze koti kuliko kuruka foleni.

Namba moja hakuiuza. Mama mkwe alikuwa ameapa: safari hii akija mikono mitupu, atakula uani na mbwa.

Akaja Bibi Alfhild na kikapu chake. "Mwanangu, moja unayo?"

"Hiyo haiuzwi, bibi."

"Mia tano."

Sixten akawaza. Beseni zima lile, na bibi ana meno mangapi? Mimi nitabaki na ile ya pili. Akauza.

"Namba moja!" akaita Torvald.

"Lote," akasema bibi.

"Lote nini?"

"Beseni, baba. Funga."

Torvald akafunga, bibi akalipa, akatoka na beseni lake. Kisha watu ishirini na wanane wakamgeukia Sixten, kila mmoja na kikaratasi chake. Alirudisha pesa zao zote, na vifungo viwili vya koti vikaenda bila risiti.

Nje, bibi alikuwa kwenye benchi, beseni magotini, anauza.

"Kumi na wawili tu, bibi yangu. Nina mama mkwe."

"Mia tano."

"Bibi! Huo si wizi?"

"Wizi gani? Wewe uliuza karatasi, ukasahau watu hawali karatasi. Mimi nina kamba, wewe una mama mkwe. Bei imejipanga yenyewe."

Akalipa.

Jioni mama mkwe alimfyonza kamba wa kumi na mbili, akafuta kidevu, akamtazama Sixten.

"Wadogo," akasema. "Siku nyingine uwahi foleni."