Ripoti Niliyoifunga Mara Tatu

Leo nimeaibika. Tena si ile aibu ya kujificha chooni dakika mbili ikapita. Ni aibu ya ukumbi mzima wa kanisa, projekta ikiwa imewaka!

Kwa wasiojua, mimi na rafiki yangu Rukia hapa Voi tuna programu ya simu ya wafugaji. Unaandika mnyama wako, amechanjwa lini, na simu inakukumbusha chanjo inayofuata. Ni programu huria, yaani msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni na yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha, au kutuambia tumekosea wapi. Rukia ndiye huandika msimbo. Mimi ni msimamizi wa ripoti za hitilafu. Zinakuja kwangu, nazijaribu, nikiona ni kweli nampelekea Rukia. Nisipoona kitu, nazifunga. (Napenda sana kuzifunga. Sitadanganya.)

Sasa kuna mtu anajiita Mfugaji wa Marungu. Wiki mbili zilizopita alileta ripoti: "Ninaandika jina la mnyama na aina yake. Nikibonyeza Hifadhi, programu inazimika." Nikajaribu. Haikuzimika. Nikafunga. Akaifungua tena, kwa adabu kabisa: "Samahani, bado inazimika." Nikajaribu mbuzi, kondoo, kuku, ng'ombe. Wote wakaingia vizuri. Nikafunga. Leo asubuhi nakunywa chai, nakuta ameifungua mara ya tatu! Nikapandwa na hasira. Nikamwandikia: "Kwangu inafanya kazi. Huenda shida si programu, ni vidole." Nikafunga. Nikavaa viatu nikaenda zangu Marungu.

Ndiyo, Marungu hiyo hiyo. Kikundi cha wafugaji cha huko kilituita tuwaonyeshe programu, kisha waamue kama wataitumia au watabaki na madaftari yao. Hakuna kikundi kingine kilichowahi kutuita. Rukia mtoto wake ana homa, kwa hivyo nilienda peke yangu.

"Nenda shoga yangu, mimi niko hapa karibu na simu," aliniambia. "Lakini tafadhali, uwe mpole kwa watu."

Mpole! Kwani mimi huuma?

Nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Mwenyekiti wao, Mama Mghoi, akanikaribisha, nikaunganisha simu yangu na projekta, nikaanza. Nilikuwa moto! Wazee wanaitikia kwa vichwa, akina mama wanauliza maswali. Nikaona tayari tumewapata. Hapo ndipo kiburi kikanipanda. Nikasema, "Sasa niwafundishe kuripoti hitilafu. Na nitaanza na mfano wa ripoti mbaya."

(Hakuna aliyeniomba mfano. Hakuna.)

Nikaiweka ukutani ile ya Mfugaji wa Marungu. Nikaisoma kwa sauti, na jibu langu la vidole nikalisoma pia, kwa madaha. Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Mkono ukainuka nyuma kabisa. "Hiyo ripoti ni yangu."

Kicheko kikakatika. Mzee akasimama polepole, kofia mkononi. Mwalimu Mwangeka! Alinifundisha Kiswahili darasa la saba. Sikujua kwamba baada ya kustaafu alirudi huku kufuga.

"Wakesho," akasema, "simama wima."

Nilikuwa nimesimama tayari. Nikasimama zaidi.

"Andika ng'ombe, tuone."

Nikaandika. Nikabonyeza Hifadhi. Ikahifadhi. "Mnaona?" nikawaambia watu. (Bado nilikuwa na mdomo!)

"Umeandika nini hapo?"

"Ng'ombe, Mwalimu."

"Hapana. Umeandika ngombe. Ritifaa yako iko wapi? Kile kialama cha juu?"

Nikatazama ukuta. Kweli, ngombe, herufi moja moja, kubwa kama mlango. Ndivyo ninavyoandika kwenye simu kila siku. Ndivyo nilivyoandika kila nilipojaribu ripoti yake. Nikarudi nyuma, nikaweka ritifaa. Nikabonyeza Hifadhi.

Programu ikazimika.

Ukutani ikabaki picha niliyoiweka kwenye skrini ya simu yangu: mimi, nimejipaka parachichi uso mzima, nimetoa ulimi. Sasa ukumbi ukavunjika mbavu! Mama mmoja alilazimika kutoka nje.

Nikampigia Rukia. Kwa haraka nikabonyeza spika bila kukusudia. "Rukia, ile hitilafu ya Marungu ni ya kweli."

"Ala! Si ulimwambia yule bwana ni vidole vyake?"

Watu thelathini wamesikia. Sina la kuongeza.

Rukia akatafuta. Kumbe programu ikikutana na ile alama inadhani neno limeisha, inachanganyikiwa, inajifunga. Yaani sisi, watoto wa Taita Taveta, tumeunda programu ya mifugo inayokufa ikiambiwa ng'ombe! Watu wakanywa chai, Rukia akarekebisha, nikapakua toleo jipya. Ng'ombe akaingia. Makofi.

Nikamwomba Mwalimu msamaha mbele ya wote, na nikaandika hivyo hivyo chini ya ripoti yake. Lile jibu la vidole sijalifuta. Ni langu, likae hapo.

Lakini msidhani nilinyamaza. Nilimwambia, "Mwalimu, kwa heshima zote, uliandika 'jina la mnyama na aina yake.' Hukusema neno lenyewe ulilolibonyeza. Ungeandika ng'ombe, ningeiona siku ya kwanza."

Mama Mghoi akaninong'oneza, "Mwanangu, wacha basi." Sikuacha! Ripoti ni lazima iseme ulichoandika, hata kama wewe ni mwalimu wangu.

Mwalimu akafikiri. "Hapo umesema kweli," akajibu. "Nusu alama."

Wameamua kuitumia, kwa sharti moja: kila toleo jipya lipitie kwa Mwalimu kwanza. Nimekubali. Kujiuzulu sijajiuzulu, na wala sifikirii. Anayetaka kunicheka acheke haraka haraka, kisha aje anisaidie, kuna ripoti nyingine arubaini na moja zinanisubiri na hizo nazo nilikuwa nimezifunga.