Injini na Dizeli Kwenye Turubai

Leo nimeaibika. Nawaambia mapema, tena kwa mdomo wangu, kwa sababu kesho mtafika kazini mkute kila mtu ana kisa chake na hakuna kitakachofanana na kilichotokea. Ketini. Ainea, funga mlango. (Ainea alikuwepo, lakini ushahidi wake hausaidii kitu.)

Mnanijua. Kule kwenye ghala la mizigo la reli naitwa Injini, na sikujipa jina hilo mwenyewe. Nimewalaza wanaume wa Kisumu, wa Nakuru, wa Mombasa, mabega yote mawili chini, refa akalala kifudifudi kuhakikisha. Nywele zimeanza kuwa nyeupe, sawa, lakini kifua ni kilekile. Shati la kazini bado linafunga kwa shida, na si kwa sababu ya tumbo. (Ainea, usicheke. Hatujafika huko.)

Mnajua pia habari ya bega. Mwaka jana liliteguka nikakaa nyumbani mkono ukiwa umefungwa shingoni. Beatrice, mke wangu, ndiye aliyenivisha shati, akanikatia ugali, akanifunga kamba za viatu. Alifanya yote hayo bila kusema neno. Alipoanza kusema, alisemea kwao Maragoli. Wazee wakakaa. Kaka yangu mkubwa akasimama mbele ya wakwe akaapa kwa niaba yangu kwamba mambo ya mieleka yamekwisha. Mama yake Beatrice akasema kiapo amekisikia, ila atakuja Nairobi ajionee. Akikuta bado napigana, atarudi nyumbani na binti yake na wajukuu wake, mimi nibaki na misuli yangu.

Ijumaa alishuka kwenye basi.

Sasa Hamisi, wewe ni mtu wa Pwani, ngoja nikueleze. Kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono. Huli naye. Hukai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye majani. Na humtazami usoni. Tangu nioe, mimi nimekuwa nikitazama chini, yeye anatazama pembeni, na salamu zinapitia kwa Beatrice. Huyo mama namjua kwa sauti tu. Na kwa kuwa nyumba zetu hizi za Makongeni ni chumba kimoja na pazia, na kijijiko kidogo nyuma, akija yeye, mimi natoka. Ndiyo maana tangu Ijumaa nalala hapa kwa Ainea, sakafuni, na miguu yangu iko chini ya meza yake.

Laiti ningekaa hapo sakafuni.

Lakini kuna huyu kijana wa Donholm, Otis. Mmemwona. Ana shingo nene, fulana ya kubana, na vyuma vya kuinua alivyojitengenezea kwa saruji na mikebe ya rangi. Ameshawalaza vijana wote wa pande hizi, sasa anatembea kifua mbele kama aliyeijenga Jogoo Road. Jana nimekaa kwa kinyozi, povu mashavuni, akaingia na wenzake. Hakunisalimia. Akawaambia wenzake, kwa sauti ya mimi kusikia, "Huyu ndiye Injini? Hii ni ya makaa ya mawe, maze. Siku hizi ni dizeli. Huyu mbuda apelekwe museum, watoto wa shule wakamwangalie."

Kinyozi akacheka. Kinyozi wangu, ambaye nimemzoea tangu akiwa na mkasi mmoja.

Nikamjibu Otis kwa heshima kwamba nimestaafu. Akasema, "Eeh, wote hustaafu wakisikia nakuja."

Iliniuma. Sitaficha. Usiku kucha niligeuka hapo sakafuni nikiisikia ile kauli. Nikajiuliza, je, kama ni kweli? Mtu anaweza kuwa amekwisha na yeye mwenyewe hajaambiwa. Hicho ndicho kilichonipeleka leo mchana kwenye ukumbi wa mtaa, Otis anakopigania, wala si kiburi.

Nilienda kutazama tu. (Kaptula ya mieleka nilikuwa nimeivaa ndani ya suruali kwa sababu ya baridi.)

Beatrice alinisalimia asubuhi akiwa mlangoni, akaniambia yeye na Mama wataenda ibada, halafu mchana kuna mkutano wa akina mama wa kanisa. Hakuniambia mkutano uko wapi. Mimi sikuuliza, kwa kuwa naye hakuniuliza nitashinda wapi, na niliona ni vizuri tuheshimiane hivyo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Magodoro yalitandazwa katikati, juu yake turubai la kufunikia mabehewa, na ukingo wa turubai ulifika karibu kabisa na viti vya mbele. Otis alishamaliza watu wake. Akaniona mlangoni, akainua mikono juu. "Museum imefunguliwa!"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kuita jina langu. Injini, Injini. Nyinyi hamjawahi kuitwa hivyo na ukumbi mzima, kwa hiyo msinihukumu. Suruali ilijivua yenyewe. Shati nikampa Ainea. Ainea akaninong'oneza, "Na kiapo?" Nikamwambia kiapo aliapa kaka yangu.

Tukashikana.

Na niseme ukweli, nilikuwa mzuri. Yule kijana ana nguvu, lakini nguvu zake ni za kuinua kitu kisichokuinua. Alinivamia kwa kichwa, nikampisha, akapita. Akarudi, nikamshika kiuno nikamzungusha, akaponea chupuchupu. Hewa ikaanza kumwishia. Nami pia ilikuwa inaniishia, lakini mtu mzima anajua kuhema kwa pua ili isionekane. Nikamsikia akisema chini chini, "Mzae, kumbe uko fiti." Nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu bega liende.

Hapo katikati ndipo akina mama wa kanisa walipoanza kuingia. Kumbe ukumbi ulikuwa wao kuanzia saa kumi, na sisi tulikuwa tumepitisha muda. Mlinzi wa ukumbi, mtu wa adabu, akawaambia, "Kaeni tu, akina mama, hawa wanamalizia." Wakaingia na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wote sare. Vijana wakaondoka kwenye viti vya mbele. Na kwa kuwa mgeni hawezi kukalishwa nyuma, mgeni wao akaletwa kiti cha katikati, cha mbele kabisa, ukingoni mwa turubai. Haya nayajua sasa. Wakati ule niliona vitambaa vyeupe tu.

Beatrice alikuwa nje, akipokea thamosi za chai.

Ukumbi ukanyamaza. Kelele zote za Injini, Injini, zikakatika. Mimi nikadhani ni heshima. Nikajiambia, wameona kitu ambacho hawajawahi kukiona, wameshindwa hata kushangilia. Upande wa pili Ainea alikuwa anapunga shati langu juu ya kichwa chake. Nikadhani ananishangilia. (Ndiyo, Ainea, najua ulikuwa unasema nini. Sikusikia.)

Nikamsukuma Otis akapiga magoti. Nikapata nafasi ya kugeuka. Na pale mbele yangu, kwenye kiti cha katikati, nikamwona mama mmoja mzee, mwembamba, mikono kwenye mkoba, ananitazama bila kupepesa. Nikasema moyoni, huyu ni nyanya ya mtu, labda hajawahi kuona mieleka maishani mwake. Ngoja nimfurahishe.

Nikamkunjia mkono, nikamwonyesha msuli. Hivi. Kisha nikaukunja na ule wa pili.

Halafu, ndugu zangu, nikamkonyeza.

Hakutabasamu. Akatazama pembeni, na ile namna ya kutazama pembeni ikanigusa mahali fulani kichwani, lakini sikupata muda wa kutafuta ni wapi. Otis alishainuka. Akanishika kiuno kutoka nyuma, akaninyanyua, mimi mwenyewe nikasikia turubai likiniaga, akanitupa.

Sikuangukia turubai.

Niliangukia mapajani. Mgongo wazi, jasho linatiririka, kaptula ikiwa imepanda mahali ambapo kaptula haipaswi kupanda. Kiti kikalia lakini hakikuvunjika. Mkoba ukawa chini ya shingo yangu kama mto. Nikafumbua macho nikakiona kidevu cha yule mama kutoka chini. Na mimi nimelelewa vizuri, nikasema, "Pole nyanya. Asante kwa kunidaka."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipaswa kuelewa. Makongeni hii, mtu anaangukia mapaja ya nyanya, na hakuna anayecheka?

Nikasikia thamosi ikiwekwa sakafuni taratibu. Kisha sauti ya Beatrice. Hakupaza.

"Baba Rose. Hayo ni mapaja ya Mama."

Sijui niliondokaje pale. Nasikia nilijiviringisha hadi chini ya kiti alichowekewa mchungaji wao nikakaa huko. Mimi nakumbuka turubai tu, kwa sababu nililivuta nikajifunika lote, pamoja na magodoro mawili. Huko chini giza lilikuwa zuri. Niliwaza watoto wangu wakipanda basi. Niliwaza Rose akiniuliza dirishani kama nami nitakuja. Nililia, na yeyote atakayesema lilikuwa jasho ananitetea bure.

Otis alikuwa bado anarukaruka na mikono juu. Kuna mtu akamnong'oneza. Huyo kijana kwao ni Butere, Mluhya kama sisi, mambo haya hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akashusha mikono. Akaja akachuchumaa karibu na turubai, akaninyooshea kwa chini shati alilolichukua kwa Ainea, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mzee, nisamehe. Hii siwezi kuihesabu. Mimi sikushinda hapa." Hata ushindi wake aliuogopa.

Basi nikaja hapa, nikakaa, nikangoja kuitwa kuwabebea mizigo hadi kituoni. Nilishaamua nitaibeba. Angalau hiyo wangeniachia.

Jioni hii, kabla hamjaingia, Beatrice akaja akaniambia nisimame nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, upande wa nje. Mama alikuwa ndani. Aliongea kwa sauti ya chini, akimwambia Beatrice, kwa ajili ya mimi kusikia. Ile sauti niliijua.

"Mwambie kwamba nilikuja kukuchukua. Mizigo yako nilishaifunga kwa macho tangu Ijumaa."

Beatrice akasema kupitia mlango, "Mama anasema alikuja kunichukua."

"Nimesikia," nikasema.

"Mwambie kuna kondoo, na kuna blanketi zito, na hayo yaletwe na kaka yake, yule aliyeapa. Hili jambo halioshwi kwa sabuni."

"Nimesikia."

 Nikamsikia akikohoa. Nilishika kizingiti, nikangoja lile neno lenyewe.

"Mwambie nilikuwa nimeamua. Nilipoketi pale nikamwona anapigana, nikasema, leo leo tunaondoka. Kisha akanionyesha mkono. Kisha akanifanyia jicho. Kisha akaja akanilalia akaniita nyanya akanishukuru." Hapo sauti yake ikatetemeka, na mpaka sasa sijui kama ilikuwa hasira. "Beatrice, mtoto wangu, mtu kama huyo nikimwacha peke yake katika mji huu, Mungu ataniuliza mimi. Baki naye."

Beatrice hakunirudishia maneno hayo. Kwenye ufa wa mlango nilimwona ameuziba mdomo kwa leso na mabega yanamtikisika.

Kwa hiyo mke wangu anabaki. Watoto wanabaki. Nimeshukuru, tena kwa magoti, hapo kwenye mlango wa jikoni. Lakini nataka mwelewe nimebaki na mke kwa njia gani. Wanaume wengine wake zao wanakaa kwa mapenzi, wengine kwa ajili ya watoto. Wangu anakaa kwa sababu mama yake amenipima uzito na akili kwa wakati mmoja, akaona siwezi kuachwa peke yangu.

Ni hayo tu. Na tafadhali, anayetaka kucheka asichekee hapa. Ukuta huu ni mmoja na wa kwangu, na Mama hajalala. Aende akachekee Donholm.